UZI: Uchoraji wa Kiajemi vitabuni na kutani – ulivyotengenezwa, zamu za kazi, na kinachouharibu

#1 Mwanakalamu

Wakuu, salaam.

Picha za Kiajemi zinasambaa sana mitandaoni: bustani zenye maua, mbingu ya dhahabu, farasi wa waridi, wafalme wamekaa kwenye zulia. Maelezo yake mara nyingi yanaishia "sanaa nzuri ya kale". Hapa naomba tuanzie kwenye karatasi, lipu na rangi. Ukijua ukurasa ulipita mikononi mwa nani na kwa zamu gani, unaelewa kwa nini picha ina umbo lile, kwa nini mto umekuwa mweusi, na kwa nini kuta za Isfahan zinabanduka wakati kurasa za miaka 600 bado zinang'aa. Wanaojua upande wa hifadhi na wa lipu karibuni mkamilishe.

Historia kwanza, kwa haraka.

Ushahidi tulionao unaonyesha ukuta ulitangulia kitabu. Huko Panjikent, mji wa Wasogdi ulioko Tajikistani ya leo, nyumba za wenye uwezo zilichorwa kuta nzima. Ukumbi mmoja wa mnamo 740 unamwonyesha shujaa Rustam akipambana na joka na mashetani juu ya ardhi ya buluu ya lajiwardi. Mshairi Firdausi alimaliza Shahnama yake, yaani shairi refu la wafalme na mashujaa wa Iran, mwaka 1010, hivyo Rustam alikuwa tayari yuko ukutani zaidi ya miaka 250 kabla. Nishapur nako wachimbaji wa makumbusho ya Metropolitan ya New York walifukua lipu zilizopakwa rangi, za karne za mwanzo za Uislamu.

Vitabu vyenye picha vya kabla ya Wamongolia vimebaki vichache mno. Mfululizo tunaoweza kuufuata vizuri unaanza chini ya Ilkhani, wafalme wa Kimongolia wa Iran. Maragha ilitoa kitabu cha manufaa ya wanyama miaka ya 1290, sasa kipo Morgan Library, New York. Tabriz, waziri Rashid al-Din alijenga mtaa mzima wa wakfu, na hati ya wakfu ikaagiza kila mwaka inakiliwe nakala moja ya Kiarabu na moja ya Kiajemi ya kazi zake. Sehemu za nakala moja ya Kiarabu ya historia yake ya ulimwengu, ya mwaka 1314 hivi, ziko Edinburgh na kwenye mkusanyo wa Khalili. Picha zake ni pana na fupi, za wino na rangi nyepesi, na mkono wa Kichina unaonekana kwenye miti na milima. Tazameni nyuso: nyingi zina mabaka meusi. Mchoraji hakuyapaka. Aliweka fedha ili uso umetemete, na fedha ikageuka.

Baghdad 1396: nakala ya mashairi ya Khwaju Kirmani, iko British Library (Add. 18113). Kwangu mimi hiki ndicho kitabu cha kugeukia njia. Picha inapanda hadi karibu na kujaza ukurasa, maandishi yanabaki kisanduku kidogo, watu wanakuwa wadogo ndani ya nafasi kubwa. Mchoraji Junayd ameficha jina lake ndani ya dirisha la jengo alilolichora.

Kisha Herat (Afghanistan ya leo) ya wafalme wa Kitimuri: mwana wa mfalme Baysunghur (alifariki 1433), baadaye mchoraji Behzad chini ya Sultan Husayn Bayqara. Kisha Tabriz, Qazvin na Isfahan za wafalme wa Kisafawi (Wasafawi) kuanzia 1501. Kisha wafalme wa Kiqajari (Waqajari), ambao walipenda picha kubwa za ukutani na za turubai. Tutarudi huko.

#2 Mwanakalamu

Sasa karakana ya kitabu, hatua kwa hatua.

Karatasi. Ilitengenezwa kwa matambara. Ikishakauka inapakwa uji mwepesi wa wanga, inakauka tena, inalazwa juu ya ubao laini na kusuguliwa kwa jiwe la akiki au kioo hadi itoe mng'ao. Lengo ni wino ukae juu badala ya kuzama, kalamu ya mwanzi iteleze, na kosa liweze kufutwa kwa unyevu kidogo. Uji mzito mno: karatasi inakuwa ngumu na kuvunjika kwenye mikunjo. Mwepesi mno: wino unatambaa kwenye nyuzi za karatasi, na mstari mwembamba wa mchoraji hauwezekani kabisa.

Mistara. Ni kadibodi iliyofungwa nyuzi zilizokazwa, kila uzi mahali pa mstari mmoja. Unaweka karatasi juu, unapitisha kidole, nyuzi zinaacha alama bila wino. Ndiyo maana kurasa zote za kitabu kimoja zina mistari sawa. Shahnama za zamani mara nyingi zina safu 6 za beti, za Wasafawi 4.

Mwandishi wa hati anatangulia. Hili watu wengi hawalijui. Anaandika shairi zima na kuacha nafasi tupu za picha. Nafasi haiachwi popote: inaachwa baada ya ubeti maalumu unaotaja tukio. Akiona ubeti huo utaangukia ukurasa usiofaa, anaanza kuandika beti za kabla yake kwa mshazari, zile zinazolala upande, ili zichukue nafasi zaidi na ubeti sahihi ufike mahali pake. Ukikuta beti za mshazari kwenye Shahnama ya Kisafawi, fungua ukurasa unaofuata, kuna uwezekano mkubwa wa picha.

Wino. Kipimo cha waandishi kilikaririwa kama shairi: masizi 1, zaji (salfeti ya chuma) 1, vivimbe vya mwaloni 2, gundi ya mgunga 4, vyote kwa uzito. Baada ya hapo ni nguvu ya mkono, kusaga muda mrefu sana. Masizi yasiposagwa vya kutosha yanaelea, na maandishi yanatoka ya kijivu.

Mchoraji. Anachora mistari ya awali kwa wino mwembamba mwekundu au mweusi. Anafunika sehemu kwa weupe mwepesi, anarekebisha. Halafu dhahabu na fedha, kisha maeneo makubwa: ardhi, mbingu, kuta. Kisha nguo. Kisha nakshi za nguo na vigae. Nyuso na mikono mwishoni, kwa brashi ya nywele chache za paka au kindi zilizopachikwa kwenye unyoya wa njiwa.

Dhahabu. Jani la dhahabu linasuguliwa kwa kidole juu ya sahani yenye asali au gundi nzito, jani baada ya jani, hadi liwe unga. Linaoshwa kwa maji, linaachwa litue, maji yanamwagwa, linaoshwa tena. Likichanganywa na gundi nyingi halitang'aa hata ukilisugua kwa akiki. Gundi kidogo, litabaki kwenye kidole cha msomaji. Kuna dhahabu ya njano ya joto na ya kijani-baridi, tofauti inatokana na shaba au fedha iliyochanganywa. Mafundi waliziweka mbili pamoja kusudi.

Baada ya mchoraji wanakuja mtia nakshi wa vichwa vya sura, mpiga mistari ya rangi kuzunguka maandishi (jadwali), na mjalidi, yaani mfunga vitabu.

#3 Mgeni wa Kilindini

Mleta mada, shukrani. Swali: kama watu wote hawa wanashika ukurasa mmoja, tunasemaje "picha ya Behzad" au "picha ya Sultan Muhammad"? Na walinakili vipi? Naona farasi yuleyule kwenye vitabu tofauti.

#4 Mwanakalamu

Mkuu, swali zuri.

Kuna waraka umehifadhiwa ikulu ya Topkapi, Istanbul: ripoti ambayo mkuu wa karakana ya Herat, Jafar, alimwandikia mwana wa mfalme Baysunghur. Anataja fundi mmoja mmoja na alipofikia. Amir Khalil amemaliza kuweka fedha kwenye picha mbili za bahari za kitabu cha Gulistan na ataanza rangi. Humohumo kuna ripoti za mahema, na za tandiko la farasi linalopambwa kwa lulumizi. Kwa hiyo karakana ya vitabu ilikuwa ofisi ya usanifu wa ikulu nzima. Mchoro mmoja uliweza kwenda kwenye ukurasa, tandiko, zulia au ukuta.

Angalieni pia taarifa ile ya Amir Khalil: fedha kwanza, rangi baadaye. Inalingana na mpangilio niliouandika #2, na sababu ni ya kikazi. Dhahabu na fedha lazima zisuguliwe kwa jiwe, na ukisugua juu ya rangi iliyokwisha pakwa unaiharibu.

Kunakili: ngozi nyembamba ya swala inayopitisha mwanga inalazwa juu ya mchoro, mistari inafuatwa, kisha inatobolewa kwa sindano matundu ya karibu karibu. Ukiiweka juu ya ukurasa mpya na kugongagonga kifuko cha unga wa makaa, unga unapita kwenye matundu na kuacha vitone. Ukiigeuza unapata farasi anayetazama upande wa pili. Vitone vikiunganishwa haraka bila kufikiri mstari unatoka mlegevu, na hapo ndipo nakala inajitenga na kazi ya bingwa.

Kuhusu majina: sahihi ni chache. Shahnama ya mfalme wa Kisafawi, Shah Tahmasp, ilikuwa na picha 258 na zenye sahihi ni mbili tu. Kitabu chenye uhakika zaidi kuwa ni kazi ya Behzad ni Bustan ya mshairi Saadi ya 1488 iliyoko Cairo, sahihi zikiwa ndogo mno ndani ya mapambo. Mwandishi wa hati ni Sultan Ali Mashhadi. Kuna ukurasa wa Yusuf akimkimbia Zulaykha: jengo limefunguliwa kama lilivyo, ngazi zinapinda, mlango baada ya mlango umefungwa, na watu ni wawili tu karibu na juu kabisa. Jicho lako linapanda vyumba vyote kabla ya kuwafikia. Kurasa nyingine nyingi zenye jina la Behzad ziliandikwa jina hilo na wamiliki wa baadaye, kwani lilipandisha thamani.

#5 KaratasiNaGundi

Naomba nichangie upande wa rangi, kwa sababu kila rangi ina tabia yake na uharibifu wake.

Lajiwardi. Jiwe linatoka Sar-i Sang, Badakhshan, Afghanistan. Ukisaga tu unapata kijivu, kwa sababu ndani kuna mawe meupe na chembe za njano. Kwa hiyo unga unakandwa ndani ya donge la utomvu wa msonobari, nta na mafuta, linaachwa siku kadhaa, kisha linakandwa ndani ya maji ya majivu ya uvuguvugu. Buluu inatoka majini, uchafu unabaki kwenye donge. Maji ya kwanza yanatoa buluu nzito, ya mwisho yanatoa majivu ya bluu. Usisage zaidi ya inavyohitajika: chembe zikiwa ndogo mno rangi inapauka. Mwanga hauiathiri, ila asidi inaiua.

Zinjifuri, yaani wekundu wa zebaki na kiberiti. Kikemia ni takriban sehemu 6 za zebaki kwa 1 ya kiberiti kwa uzito, vinapikwa, mvuke wake unaganda juu ya chombo, kisha unasagwa. Unavyosaga zaidi ndivyo wekundu unavyong'aa. Inaweza kuwa nyeusi kwa mwanga mwingi.

Risasi nyeupe. Ndiyo weupe wa nyuso na vilemba. Hewa yenye gesi ya kiberiti inaigeuza salfidi nyeusi. Uso uliokuwa mweupe unakuwa kama umepakwa masizi, hasa kingo za vitabu ambako hewa inapita. Kemikali ya kuirudisha ipo, ila kuimiminia picha ya gundi ya maji ni hatari. Mhifadhi makini mara nyingi anaacha.

Zarniki, njano ya aseniki. Inang'aa kama dhahabu. Kosa la kawaida ni kuipaka pamoja na risasi nyeupe au kijani cha shaba: vinapigana na kuwa vyeusi. Mafundi walilijua hili, kijani chao cha majani mara nyingi ni zarniki na nili, vitu vinavyokaa pamoja.

Kijani cha kutu ya shaba. Hiki ndicho adui mkubwa. Shaba na siki vinatoa kijani kizuri sana, na kijani hicho kinakula karatasi. Kwanza nyuma ya ukurasa inatokea rangi ya kahawia, kisha karatasi inavunjika kama jani kavu. Vitabu vya mafundi vinashauri kuongeza zafarani kwenye kijani hiki, na uchunguzi wa maabara umeonyesha kweli zafarani inapunguza ulaji huo. Mahali pabaya zaidi ni kwenye jadwali. Mstari wa kijani unazunguka maandishi pande nne, ukila karatasi pande zote, kisanduku kizima cha maandishi kinadondoka na kuacha dirisha.

Na ile mito myeusi aliyoitaja mleta mada ni fedha. Maji, ngao, vioo na deraya za askari zilikuwa za fedha inayoakisi. Ukitazama picha ya vita ya Kiajemi, hebu rudisha kichwani kila kijivu-cheusi kuwa fedha. Picha inabadilika kabisa, usiku wake unakuwa wa mbalamwezi.

Tahadhari kwa wanaotaka kujaribu: zarniki, zinjifuri na risasi zote ni sumu. Usichonge ncha ya brashi kwa mdomo, usisage bila kinga ya pua, usitumie vyombo vya jikoni.

#6 Mgeni wa Kilindini

Na kuta? Nimeona picha za Chehel Sotun, ile ikulu ya Isfahan, rangi ni zilezile, watu ni walewale, lakini zimepasuka na kubanduka. Walichora kwenye lipu mbichi kama Italia?

#7 FundiLipu

Hapana mkuu, na jibu liko kwenye lipu yenyewe.

Uchoraji wa lipu mbichi unahitaji chokaa. Chokaa ikikauka inashika hewa ya ukaa na kutengeneza ganda la mawe linaloifunga rangi ndani bila gundi. Iran ya kati ina jasi nyingi na ya bei nafuu, na jasi haifanyi hivyo. Inashika ndani ya dakika chache, mchoraji hana hata muda wa kulowesha brashi. Kwa hiyo walichora juu ya lipu kavu, rangi ikiwa na gundi, njia ileile ya kitabu.

Matabaka, kutoka ndani:

Tofali. Juu yake lipu ya udongo na makapi ya ngano, unene wa vidole viwili hivi. Makapi yanazuia udongo kupasuka ukikauka. Juu yake jasi ya kawaida ya kusawazisha. Juu kabisa jasi "iliyouliwa": unga unamwagwa kwenye maji mengi na kukorogwa mfululizo, bila kusimama, hadi upoteze nguvu ya kushika. Inabaki krimu laini inayokauka polepole, unaweza kuipaka nyembamba sana na kuisugua iwe kama ganda la yai. Ukiacha kukoroga mapema inashika ndani ya ndoo na kuwa punje. Ukiipaka nene haina nguvu, inachubuka kwa ukucha. Mwisho inapakwa gundi nyepesi ili isinyonye rangi.

Mchoro unahamishwa kwa matundu na unga wa makaa kama alivyoeleza Mwanakalamu, ila kwenye karatasi kubwa. Penye vito, mataji na mapambo, fundi anajenga mwinuko kwa rojo la udongo laini na gundi, tone juu ya tone, kisha anaweka jani la dhahabu juu. Taa ya mafuta ikiwa chini, miinuko hiyo inashika mwanga.

Chehel Sotun ni ya 1647, wakati wa Shah Abbas wa Pili. Ukumbi una picha kubwa za mapokezi: Tahmasp na Humayun wa India, Abbas wa Kwanza na Vali Muhammad Khan wa Bukhara, Abbas wa Pili na Nadr Muhammad Khan. Zote zinasema jambo moja kwa mgeni anayeingia: wafalme wa jirani walikuja hapa kuomba msaada. Picha ya vita vya Karnal vya 1739 iliongezwa baadaye, na ukiiweka karibu na zile za kwanza mkono tofauti unaonekana wazi. Chini ya picha hizo kubwa kuna picha ndogo za vijana bustanini, za mtindo wa mchoraji Reza Abbasi, mtu mmoja au wawili, mstari mnene na mwembamba ndani ya mpito mmoja wa brashi. Ni kurasa za albamu zilizokuzwa ukutani.

Kinachoharibu: kwanza maji. Jasi inayeyuka majini kidogo kidogo, na udongo ulio nyuma unavimba. Paa likivuja msimu mmoja, lipu ya jasi inaachana na ya udongo na kuwa tumbo lenye hewa. Gonga taratibu kwa kidole, sauti ya uwazi inakuambia. Pili chumvi, zinapanda na unyevu kutoka msingi na kusukuma rangi kwa ndani. Tatu mchwa, wanafuata makapi. Nne, chokaa nyeupe: kuta nyingi za Isfahan zilipakwa chokaa karne ya 19. Kuiondoa ni kazi ya kisu cha upasuaji, kavu kavu, sentimita kwa sentimita, kwa sababu maji yatayeyusha gundi ya rangi kabla ya kuyeyusha chokaa. Wataalamu wa Italia waliofanya kazi ikulu za Ali Qapu na Chehel Sotun kuanzia 1964 pamoja na mafundi wa Isfahan ndio waliofunua sehemu kubwa ya tunayoyaona leo.

Na hili nalisisitiza kwa mafundi wote: tumbo la hewa lisijazwe saruji. Saruji na jasi penye unyevu vinatengeneza fuwele zinazovimba, na lipu ya zamani itarushwa nje. Rojo la kujazia liwe dhaifu kuliko ukuta wenyewe.

#8 BintiShamsi

Asanteni sana kaka zangu. Naomba kuuliza bila ubishi: dini haikuwazuia? Hawa walikuwa wafalme Waislamu.

#9 Mwanakalamu

Dada, picha hizi hazikuwekwa ndani ya misahafu wala ndani ya misikiti. Msahafu ulipewa nakshi za maua, mistari na dhahabu, kazi ya watia nakshi hawahawa. Picha za watu zilikuwa za mashairi, historia, elimu ya wanyama, na kumbi za ikulu. Wapo waliopinga daima, na utaona nyuso zilizokwanguliwa na wamiliki wa baadaye.

Mfano mkubwa ni Shah Tahmasp mwenyewe. Alipokuwa kijana alichora, akakusanya mabingwa Tabriz, wakamtengenezea Shahnama yenye karatasi 759. Alivyozidi umri akageuka mcha Mungu na kuziacha sanaa hizi. Matokeo yake ni ya kihistoria: mafundi wakatawanyika. Wachoraji Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad walikwenda kwa Humayun, na kutoka kwao ikaanza karakana ya Wamughal wa India, ambako pembezoni mwa kurasa za enzi ya Akbar yameandikwa nani alichora mistari, nani alipaka rangi, nani alifanya nyuso. Wengine walikwenda Mashhad kwa mpwa wake Ibrahim Mirza, aliyeagiza nakala ya mashairi ya Jami, Haft Awrang, ya 1556–1565, sasa iko makumbusho ya Freer, Washington. Shahnama yenyewe Tahmasp aliitoa zawadi kwa Sultan Selim wa Pili mwaka 1568.

#10 Ustadh_wa_Toronto

Hiyo Shahnama nilidhani iko Tehran yote.

#11 Mwanakalamu

Kwa bahati mbaya hapana. Ilikaa Istanbul kwa karne kadhaa, ikafika kwa familia ya Rothschild, na mwaka 1959 ikanunuliwa na Mmarekani Arthur Houghton. Akaikata. Picha 78 akaipa Metropolitan mwaka 1970, nyingine akaziuza moja moja. Mwaka 1994 kilichobaki, picha 118 pamoja na maandishi na jalada, kilirudi Iran kwa kubadilishana na mchoro wa mwanamke wa mchoraji wa kisasa de Kooning uliokuwa Tehran. Ukurasa uliokuwa sehemu ya simulizi sasa unauzwa kama picha ya fremu. Mwaka 2011 ukurasa mmoja ulifika zaidi ya pauni milioni 7 mnadani London, na bei hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini ukataji haukukoma.

Kwa aliyeko Toronto: makumbusho ya Aga Khan hapo mjini yanamiliki Baraza la Gayumars la Sultan Muhammad kutoka kitabu hicho. Ikionyeshwa, nenda na kioo cha kukuzia. Mawe ya mlima yana nyuso za watu na wanyama zilizofichwa ndani ya rangi. Ukurasa una urefu wa sentimita 47, na nyuso nyingine ni ndogo kuliko punje ya mchele.

Kabla ya Houghton kulikuwa na kisa kibaya zaidi. Shahnama kubwa ya Kimongolia, ya miaka ya 1330 hivi, iliangukia mikononi mwa muuzaji wa Paris, Georges Demotte. Alipokosa mnunuzi wa kitabu kizima aliuza kurasa. Penye picha pande zote mbili aliibandua karatasi katikati ya unene wake, upande wa mbele ukaachana na wa nyuma, akapata bidhaa mbili. Baadhi ya picha alizibandika kwenye maandishi yasiyo yake. Ukizisoma beti zilizozunguka picha hizo unakuta hazihusiani na tukio.

#12 BintiShamsi

Basi mtu aliyerithi au anayetaka kununua ukurasa wa Kiajemi afanyeje kujua kama ni wa kweli? Masokoni Ghuba zimejaa.

#13 KaratasiNaGundi

Dada, nyingi kati ya hizo ni karatasi ya kweli ya zamani na picha mpya. Kitabu chakavu cha sheria au sarufi cha karne ya 19 kinakatwa, picha ya mchezo wa polo inapakwa juu ya maandishi. Angalia haya:

Soma maandishi, au mpe anayesoma. Shairi la kweli lina ubeti unaotaja tukio karibu kabisa na picha. Maandishi ya sarufi kuzunguka wapanda farasi ni ushahidi tosha.

Tazama mpaka wa rangi na wino. Kazi ya kweli, mwandishi aliacha nafasi. Herufi zikipita chini ya rangi, picha ilikuja baadaye.

Tazama matundu ya wadudu kwa kioo cha kukuza mara 10. Mdudu aliyekula baada ya uchoraji ametoboa rangi pamoja na karatasi, ukingo ni mkali. Rangi ikiwa imeingia ndani ya tundu au imelikwepa, tundu lilikuwepo kabla.

Tazama fedha na kijani. Fedha inayong'aa kabisa na kijani cha shaba kisicho na doa la kahawia nyuma, kwenye ukurasa unaodaiwa ni wa 1500, vinatia shaka.

Maabara ikipatikana: weupe wa titani haukuwepo sokoni kabla ya karne ya 20, lajiwardi ya kiwandani ilianza 1828, buluu ya Prussia mwanzoni mwa karne ya 18. Ikipatikana kwenye picha "ya Herat", swali limeisha. Lakini kumbukeni marekebisho ya baadaye yapo kwenye vitabu halisi pia. Mwaka 1675 mchoraji Mohammad Zaman aliongeza picha zake ndani ya Khamsa (mkusanyo wa mashairi matano) ya Tahmasp iliyotengenezwa 1539–1543, na leo ni sehemu ya thamani ya kitabu hicho (British Library, Or. 2265). Pima sehemu kadhaa kabla ya kutoa hukumu.

#14 FundiLipu

Nyongeza kidogo kuhusu Waqajari, maana mleta mada aliahidi kisha akapita. Ukuta mashuhuri zaidi wa enzi hiyo haupo tena: Abdallah Khan alimchora Fath Ali Shah na baraza lake kwenye ikulu ya Negarestan, Tehran, 1812–1813, watu 118 wa ukubwa halisi kwenye kuta tatu. Jengo lilibomolewa, tunaijua kwa nakala za rangi ya maji. Hapo ndipo nakala ndogo ya karatasi inapookoa ukuta. Mafundi wa leo wanaorekebisha kuta wangefaidika kuanza na nakala kama hizo kabla ya kubuni sehemu zilizopotea.

#15 BintiShamsi

Na kuutunza? Nina ukurasa kwenye fremu ya kioo, umegusana na kioo.

#16 KaratasiNaGundi

Utoe kwenye kioo kwanza, ila usivute. Kama rangi imeshika kioo, acha ulivyo, laza fremu chali, peleka kwa mhifadhi wa karatasi. Kama haijashika:

Fungua nyuma, toa kadibodi ya kahawia, ina asidi. Usiguse upande wa rangi hata kwa glavu. Weka ukurasa kwenye kadibodi isiyo na asidi, ushikilie kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, upande wa juu tu, ili ukurasa uweze kutanuka. Usitumie selotepu wala gundi ya maji ya dukani. Weka pasipatu nene (kadibodi yenye dirisha) mbele yake, rangi na kioo visikutane. Milimita 4 zinatosha.

Unyevu wa hewa uwe karibu asilimia 50 na usipande na kushuka kila siku. Mji wa pwani ni mgumu kwa hili, hivyo ukuta wa nje na bafu jirani viepukwe. Mwanga usizidi luksi 50, na hata huo kwa miezi michache, kisha ukurasa upumzike ndani ya sanduku. Usisafishe mito myeusi. Ile fedha iliyogeuka ni nyembamba mno, ukiisugua inaondoka yote na karatasi inabaki tupu.